Kamba ya Jumatatu

Majirani Kisauni, Alhamisi usiku

Mama Rukia: Asalaam aleikum majirani. Jumamosi tuna mafunzo pale madrasa, tangu Asri mpaka karibu na Maghrib: namna ya kumsaidia mtu akili ikimvurugika, au akitaka kujidhuru. Nitakuwa na muuguzi wa wagonjwa wa akili. Vijana wa maskani nawataka nyinyi hasa.

Baba Swaleh: Waaleikum salaam. Ni kwa sababu ya lile la Jumatatu?

Mama Rukia: Ndio. Kijana mmoja, mtaa mzima umemzunguka, simu juu, huyu "mshikeni", yule "tulia wewe". Hajalala siku nne. Anasikia sauti kichwani na nje tukamuongezea zetu.

Saumu: Mimi ni dada yake. Alama za kamba bado ziko mikononi. Leo asubuhi nampaka mafuta ya nazi akaniuliza, "Saumu, kwani niliiba nini?" Sikuwa na jibu. Walio na ile video nawaomba muifute.

Naima: Nimefuta dada. Pole sana.

Kassim: Nimefuta.

Baba Swaleh: Nimefuta, na aliyenitumia nimemwambia naye afute.

Juma: Saumu, ile kamba ni ya mkokoteni wangu. Niliyefunga ni mimi. Niliogopa atakimbilia barabarani agongwe. Nisamehe. Lakini Mama Rukia niambie kweli, ningefanyaje?

Saumu: Najua uliogopa. Hata mie niliogopa.

Mama Rukia: Juma, umeuliza la maana. Kwanza ungetumia sauti yako hiyo ya kuomba njia kutawanya watu. Halafu aongee mmoja tu, anayemjua. Asimame ubavuni, hatua mbili tatu, mikono ionekane, asimzibie njia. Asibishane na anayoyasikia kijana, wala asijifanye anayasikia. Amwambie, "Naona umeogopa, niko hapa." Nyinyi vijana mngesimama upande wa barabara kimya, mkasimamisha magari badala ya kumsimamisha yeye. Angekuwa na kisu, hapo ni kurudi nyuma wote, watoto watolewe, mtu apige simu ya msaada.

Na kilichomkalisha chini mnakikumbuka? Bi Mwanasha alimwita, "Mwanangu jua kali, njoo kivulini unywe maji." Akaenda na kamba yake mikononi, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akanywa vikombe vitatu.

Bi Mwanasha: Mie sikusomea. Niliona midomo imemkauka.

Mama Rukia: Ndiyo mafunzo yenyewe Bi. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno, akawafundisha bibi kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wawasikilize, watafute nao njia. Utafiti wa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye yale mabenchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wao husema "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo sisi tunasema "ana mawazo"? Ya kijana wetu ni mazito zaidi, yanataka daktari na dawa, lakini wa kumfikia kwanza ni jirani.

Mzee Athumani: Mimi naona lile ni jini. Asomewe kwanza.

Mama Rukia: Shikamoo mzee wangu. Asomewe, hakuna anayekataza, ila asomewe huku anatumia dawa. Ustadh nilimwendea mwenyewe jana kwani familia nyingi huanzia kwake. Atakuja Jumamosi, na ameniahidi akiletewa mtu asiyelala siku tatu atatuita siku ileile.

Mzee Athumani: Marahaba. Kama ustadh yupo, nami nitakuja.

Naima: Nina swali. Mtu akisema amechoka na maisha, nikimuuliza kama anataka kujiua si nitamtia wazo?

Mama Rukia: Hapana. Kumuuliza hakumtii wazo, na wengi hupumua kwa kuulizwa. Muulize wazi, "Unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza umsikilize, hata kimya kikirefuka. Akisema ndio usimuache peke yake, ondoa sumu ya panya na vidonge nyumbani, mpelekeni hospitali. Ukikwama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Baba Swaleh: Na polisi? Anayejaribu kujiua hushtakiwa, ndiyo maana watu huficha.

Mama Rukia: Ndivyo kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilivyokuwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kinakwenda kinyume cha Katiba. Msifiche tena, nawaomba.

Saumu: Sisi tulificha. Mwaka mzima mama akiulizwa husema mtoto ana homa. Mara moja tulimpeleka mahali, tukaambiwa daktari hayupo, rudini wiki ijayo. Hatukurudi. Sasa ameanza dawa, jana amelala masaa sita.

Bi Mwanasha: Alhamdulillahi.

Juma: Madrasa mabenchi hayatoshi, nitayaleta ya ukumbini kwa mkokoteni. Sitaki malipo. Saumu, kesho naweza kupita nimwone?

Saumu: Nimemuuliza. Amesema uje, lakini uje bila mkokoteni.

Juma: Nitauacha maskani.