MAFUNDI WA TANGA: Injini imebadilishwa, gari haiwaki, halafu mnatutuma spea kwa kubahatisha!

Wakuu, hili limezidi sasa. Pita gereji za Ngamiani mpaka Majani Mapana uone IST, Raum na Probox zilizofungwa injini za mtumba kutoka Dar, zimelala. Stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Fundi injini anasema tatizo ni umeme. Fundi umeme anasema injini iliyoletwa ni mbovu. Mwenye gari anatumwa dukani: leo koili za moto wa plagi, kesho pampu ya mafuta, keshokutwa kontroo boksi (kompyuta ya injini). Ukiuliza umepima nini, unajibiwa "uzoefu huo, bosi". Uzoefu gani usio na maltimita (kipima umeme)?

Nachukua mfano wa injini ya Toyota ya 1NZ-FE kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye vigari vyetu.

Weka funguo ON, usipige stata. Taa ya cheki injini inawaka? Kama haiwaki, acheni koili za watu, mara nyingi kontroo boksi haina umeme. Tazama fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta unaoendeshwa na kontroo boksi), rilei yake (swichi ya umeme), kisha athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma).

Na hapa kwenye athi ndipo mnapotuumiza. Athi za kontroo boksi zinafungwa kwenye injini yenyewe, kwa vibolti vya spana namba 10. Injini ya zamani inashushwa, vibolti vinatupwa kwenye kopo moja na vya bampa, injini mpya inapanda, na athi moja inabaki inaning'inia nyuma ya intake (bomba za kuingiza hewa kwenye injini) hakuna anayeiona. Au inarudishwa juu ya kutu bila hata kupigwa msasa, na kwa chumvi ya bahari yetu hii kile kijicho cha waya kimeshageuka kijani. Kupima si kazi: maltimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye bloku ya injini, nyingine kwenye hasi ya betri, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, athi kubwa ya betri kwenda injini haifai. Betri nayo iwe na volti 12.6 ikiwa imetulia, na stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6.

Sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, iko upande wa mkanda, karibu na puli. Ina waya mbili tu. Ishara yake isipofika, hakuna moto wala mafuta. Injini ikiwa baridi chomoa soketi upime: ohmu 985 hadi 1,600 ni nzima. Ikiwa nzima, fuata waya, maana wakati wa kupandisha injini ndio hubanwa na kompresa ya AC au kuachwa ukisugua mkanda. Mara nyingine ganda la nje halina hata mkwaruzo, ndani shaba imekatika. Mwenye mashine ya kupimia asome rpm (mizunguko kwa dakika) stata ikizunguka: ikisoma 0, shida iko hapo hapo. Watu wanauziwa sensa mpya, inafungwa kwenye waya ule ule uliokatika!

Koili zina waya nne. Mmoja kazi yake ni kurudisha taarifa kwenye kontroo boksi kwamba moto umetoka. Taarifa isiporudi, kontroo boksi inakata mafuta. Sasa fundi anaona nozeli hazipulizi mafuta, anasema pampu imekufa. Pampu ina kosa gani? Funga geji ya presha ya mafuta: psi 44 hadi 50, imetosha. Soketi za koili zinafanana, kwa hiyo hakikisheni hazijapishana; silinda namba 1 ni ya upande wa mkanda, na mpangilio wa kuwaka silinda ni 1-3-4-2.

Halafu kuna hii ya kufunga kontroo boksi iliyokuja na injini kwenye gari yenye immobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo). Inashika sekunde moja mbili inazima, au haishiki kabisa, na kitaa cha usalama kwenye dashibodi kinaendelea kupepesa funguo ikiwa ON. Rudisheni kontroo boksi ya gari. Na angalieni throto (mlango wa hewa ya injini) kabla ya kununua injini: 1NZ za mwanzo zina throto ya kebo, za baadaye ni ya umeme. Zikitofautiana, hamisheni intake, throto na sensa za injini ya zamani.

Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ndiyo ya mwisho kupima. Plagi zote nje, soketi za nozeli zimechomolewa, throto wazi, betri imejaa. Kiwango ni psi 213, chini ya 156 ndipo mseme injini ni mbovu na irudi Dar. Si kwa kusikiliza mlio!

Mwenye gari iliyolala gereji muda huu aweke hapa aina ya injini, cheki injini inawaka au haiwaki, volti stata ikizunguka, na rpm inayosomeka. Na fundi anayetaka kubishana aje na namba.