Wajukuu wa Bibi, Ujiji: vitamu vya Iddi

Da Zuhura: Asalaam aleykum ndugu zangu. Iddi hiyoo. Mchango wa vitamu ni 10,000 kila nyumba. Orodha: kashata za karanga, kashata za nazi, visheti, ubuyu, halua, pipi za watoto. Waliotoa ni mimi na Mama Nasra. Wengine mmesoma, tiki za bluu naziona.

Mama Nasra: Waaleykum salaam. Mimi nilituma jana.

Da Zuhura: Nimekutaja dada, soma vizuri.

Da Zuhura: Nasubiri.

Da Zuhura: Ndugu???

Mwaju Tabora: Waaleykum salaam da Zuhura, natuma leo. Naomba jambo moja. Nimefunga nyaya za meno. Kashata za karanga, visheti na ubuyu siwezi. Tuongeze kitu laini jamani.

Kaka Rajabu: Nyaya? Umevutiwa umeme mdomoni? 😂

Hassani: Ukija tutashika mtandao nyumba nzima 😂😂

Da Zuhura: Jamani HELA.

Mwaju Tabora: Chekeni tu, ila mjue. Kila jino limegandishwa kidude kwa gundi, waya unapita juu yake ndio unavuta. Ukiuma kigumu kidude kinabanduka. Kinachonata kama tofi na jojo kinaking'oa au kinapinda waya. Hapo jino linakaa bila kuvutwa mpaka urudi kwa daktari, na wangu yuko Dar. Ubuyu ndio mbaya zaidi, unamung'unya vizuri, ukijisahau tu umeiuma mbegu.

Mama Nasra: Pole mdogo wangu. Na chokoleti?

Mwaju Tabora: Laini isiyo na karanga naila. Halua naila sana, inayeyuka. Kashata ya nazi ikiwa laini naikata kwa kisu vipande vidogo, natafunia magego, siiumi kwa meno ya mbele. Shida nyingine ni sukari, inajificha pembeni ya vile vidude. Ukizembea, siku ya kuvua nyaya unakuta mabaka meupe kwenye meno. Kwa hiyo vitamu nakula pamoja na chakula, sidokoi kutwa. Nasukutua maji, baadaye mswaki, na kile kibrashi chembamba cha kupitisha chini ya waya.

Hassani: Na utu uzima wote huo meno bado yanasogea?

Mwaju Tabora: Yanasogea umri wowote, mradi fizi na mfupa ni wazima.

Kaka Rajabu: Hela ya kunyoosha meno ipo. Ya paa la Bibi haikuwepo. Nasema tu.

Mama Nasra: Ujumbe huu umefutwa

Da Zuhura: Rajabu, hayo tuliyamaliza.

Kaka Rajabu: Mliyamaliza nyinyi mnaokaa Mwanga, kama mlivyoimaliza halua ya kupelekwa Gungu.

Hassani: Halua ya Gungu imefufuka 😂😂😂

Mama Nasra: Halua ile niliipeleka kwa mikono yangu. Aliyeipokea anajijua.

Da Zuhura: TUNAONGELEA IDDI HII. Halua nimeshaagiza, ya korosho, na kianzio nimelipa. Mwaju atachambua korosho.

Mwaju Tabora: Da Zuhura, zimepondwa zikashikana na halua, nachambuaje? Basi acheni, nitakula pilau.

(saa nne usiku)

Nasra: Bibi nimemsomea yote. Ameniambia niandike kama anavyosema, nisipunguze.

Nasra: "Habari ya paa ni yangu na Mwaju. Rajabu aje nimwone, asiandike. Mtoto huyu tangu aote meno ya ukubwani hajacheka bila kuziba mdomo kwa kanga. Hata picha za nikaha yake zote kafumba. Na mliomwita lile jina mmo humu humu. Leo kajitengeneza kwa jasho lake. Iddi atakula vitamu na atacheka mbele yangu. Halua nitapika mwenyewe hapa Ujiji. Nileteeni wanga, sukari, samli na iliki. Korosho isiingie kwenye sufuria langu."

(asubuhi)

Hassani: Shikamoo Bibi. Nimesikia.

Mama Nasra: Sawa Bibi.

Da Zuhura: Sawa Bibi. Ila kianzio hakirudi, mpishi keshanunua vitu. Kwa hiyo halua ni mbili? Na Bibi mgongo ule hawezi kukoroga peke yake. Hassani?

Hassani: Dada, huku mwisho wa mwezi ndio giza lenyewe, dagaa wanatoka. Nikiacha ziwa sasa hata huo mchango sina.

Mwaju Tabora: Nitakoroga mimi. Naangalia tiketi ya treni, nikipata nitafika kabla ya Iddi mosi. Bibi, asante. Nimeshindwa kuandika jana.

Kaka Rajabu: Nitapita kwa Bibi Ijumaa baada ya swala.

Da Zuhura: Mwaju, na ukikosa tiketi?

Mjomba Seif: Samahanini, sikuwa na bando. Mchango wa nini?

Da Zuhura: Shikamoo mjomba, soma juu. Ubuyu nimepunguza, wa watoto tu, na kashata ya nazi nitamwambia anayeipika aiache laini. Samli haina mtu. Wanga hauna mtu. Walionipa hela bado ni wawili.

Mama Nasra: Wanga nitauliza sokoni, siahidi.

Da Zuhura: Na samli?

Da Zuhura: Mjomba, nakuona uko hewani.