Madoa ya maka peni kwenye mkeka wa mchezo wa mezani: yanatokaje bila kufuta miraba?

kete_na_ramani

Wakuu, naomba msaada. Mkeka ni wa vinaili, wa kuchorea ramani za mchezo, aina ya kuviringisha. Rangi yake ni krimu, upande mmoja una miraba ya sentimita 2.5 na wa pili una maumbo ya pembe sita. Madoa ni ya aina tatu:

– mistari myekundu ya maka inayofutwa kwa maji, imekaa wiki mbili
– mistari myeusi ya maka ya ubao mweupe
– nukta moja ya bluu ya maka ya kudumu

Kitambaa chenye maji kimeondoa wino wa juu ila kivuli kimebaki. Kuna na mkeka wa pili, wa kitambaa juu na raba chini, wenye alama nyeusi ya maka karibu na ukingo. Nianze na nini, nisiguse nini, na je, yapo madoa ambayo hayatoki kabisa?

wino_mbichi

Mkuu, kabla hujafungua chupa yoyote tenganisha vitu viwili: wino uliolala juu ya mkeka, na rangi iliyozama ndani yake. Kivuli unachokiona baada ya kufuta ni hiki cha pili, ndiyo maana kusugua kwa nguvu hakukusaidii.

Vinaili ni PVC iliyotiwa vilainishi ili ikunjike bila kupasuka. Vilainishi hivyo vina tabia ya mafuta, na rangi nyingi za wino huyeyuka humo na kutambaa kwenda chini polepole. Mchoro ukikaa saa mbili, maji yanautoa. Ukikaa wiki mbili, rangi imeshahamia ndani ya plastiki, na joto huongeza kasi ya safari hiyo. Nyekundu ndiyo yenye sifa mbaya kuliko zote, hata ikiwa ni maka ya maji ambayo watengenezaji wa mikeka ya vinaili wenyewe huipendekeza.

Maka ya ubao mweupe ina shida nyingine. Wino wake una alkoholi, rangi, kitu cha kuishikilia rangi, na mafuta maalumu ya kuuzuia wino using'ang'anie ubao. Juu ya kioo au enameli alkoholi huruka, kinabaki kiganda chembamba ambacho kitambaa kikavu kinakiokota. Vinaili laini haina uso mgumu wa namna hiyo. Alkoholi inaulainisha kidogo na rangi inapata pa kushika.

Fuata utaratibu huu, na usiruke hatua:

1. Jaribu kwanza kwenye kona. Weka matone mawili ya kila dawa unayotaka kutumia, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi ya miraba, dawa hiyo haifai katikati ya mkeka.

2. Sabuni. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu. Laza kitambaa kilicholowa juu ya doa dakika tano, kisha futa. Mara nyingi hatua hii hudharauliwa, lakini ndiyo inayoondoa mafuta ya mikono na masalia ya wino ambayo yangesambazwa na alkoholi.

3. Kwa ile mistari myekundu pekee: ichore tena kwa maka ya maji ya rangi ileile, usisubiri zaidi ya dakika moja, futa kwa kitambaa kilicholowa. Wino mbichi hulegeza ule mkavu uliobaki juu. Hauvuti rangi iliyozama.

4. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, kwa mistari myeusi na ile nukta ya bluu. Lowesha pamba au kitambaa cheupe, usimwage juu ya mkeka. Kandamiza sekunde 30, halafu futa kutoka ukingo wa doa kuelekea katikati. Kila unapopitisha geuza upande msafi wa kitambaa, maana wino ulioyeyuka ukirudi chini unakuwa doa jipya lenye eneo kubwa zaidi.

5. Osha tena kwa maji ya sabuni, suuza, kausha.

Rudia hatua ya 4 mara tatu au nne, si zaidi kwa siku moja. Alkoholi haichagui: huku ikiyeyusha wino, inachomoa pia vilainishi. Mkeka unaosuguliwa nayo mara kwa mara huwa mkavu, mgumu, na mwishowe hupasuka palepale unapokunjika. Kwa sababu hiyo asilimia 70 ni bora kuliko 90 na kuendelea. Ni pole kwa chapa ya miraba, na maji yaliyomo huichelewesha kuruka, kwa hiyo inapata muda wa kufanya kazi.

Usiguse asetoni wala dawa yoyote ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni. Inavimbisha na kulainisha PVC, inayeyusha chapa, na sehemu iliyoguswa inabaki na mabaka yanayonata. Hakuna njia ya kuirudisha.

dadu_ishirini

Naongezea kuhusu sponji nyeupe za melamini na dawa ya meno, kwa sababu lazima atatokea mtu wa kuzipendekeza. Zote mbili zinafanya kazi kwa kukwangua. Sponji ya melamini ni kama msasa laini sana: inaondoa doa pamoja na tabaka jembamba la mkeka. Kwenye vinaili yenye uso usiong'aa utaona baka linalometameta, miraba itafifia, na mchoro utakaofuata utashika zaidi hapo kwa sababu uso umejaa mikwaruzo midogo. Kama ni lazima, tumia kwenye ukingo usiochapwa kitu, ikiwa imelowa, bila kukandamiza.

Kitakasa mikono cha jeli kinafaa pale ambapo alkoholi ya maji inaruka haraka mno, kwani jeli inakaa juu ya doa. Chukua kisicho na rangi wala manukato mengi, acha dakika moja, futa, na uoshe kwa sabuni; ile jeli ikiachwa huacha utando unaonata na kuvuta vumbi.

Na tafadhali, hili ni la usalama: dawa ya kufulia yenye klorini isikutane na alkoholi, siki, wala kisafisha kioo chenye amonia. Gesi zinazotoka zinaumiza mapafu. Fungua madirisha, na alkoholi ikae mbali na moto na sigara.

kitambaa_juu

Mimi nijibu ule mkeka wa raba, maana ushauri wa vinaili hauhamii huko moja kwa moja.

Juu ni poliesta, na picha yake kwa kawaida imechapwa kwa joto ili rangi iingie ndani ya nyuzi. Kwa hiyo picha ni imara kuliko unavyodhani. Hatari iko kwenye doa lenyewe: kitambaa kinanyonya. Ukimwaga alkoholi, wino unakimbia na kioevu pande zote, na nukta ndogo inakuwa duara la kijivu lenye pete ya nje nyeusi. Wala huwezi kulisukuma kutokea nyuma kama kwenye shati, kwa kuwa chini kuna raba.

Dondosha alkoholi kwa kijiti cha pamba, kidogokidogo, katikati ya doa. Mara moja kandamiza kitambaa kikavu cheupe juu yake kwa kidole gumba, sekunde kumi, kisha inua wima. Usisugue, usiburute. Kitambaa kitakuwa kimechukua wino. Sogeza mahali pasafi na urudie. Kazi hii ni ya subira, kila mguso unatoa kiasi kidogo. Kitambaa kikiacha kuchukua rangi, simama hapo.

Malizia kwa maji baridi na matone machache ya sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini, ukizungusha taratibu. Osha mkeka mzima, si pale tu, la sivyo pete ya maji itaonekana. Suuza hadi povu liishe, kandamiza taulo juu yake, kisha ulaze bapa, kitambaa juu, mahali penye hewa kwa saa 24. Usikamue kwa kusokota. Mashine ya kukaushia na pasi ni marufuku: joto linaachanisha kitambaa na raba, na kingo zikishaanza kujikunja juu hazitulii tena mezani. Usiuviringishe kabla raba haijakauka, utaota ukungu ndani.

kete_na_ramani

Asanteni sana. Matokeo hadi sasa: bluu imetoka yote. Nyeusi imebaki ya kijivu hafifu. Nyekundu haijasogea baada ya duru mbili za alkoholi, na kitambaa kinatoka cheupe kabisa. Niendelee?

wino_mbichi

Hapana, acha alkoholi. Kitambaa kutoka cheupe ndiyo dalili kwamba juu hakuna kitu tena, na nyekundu yote iko ndani. Kinachofuata si kusafisha bali kuifubaza rangi hapohapo ilipo.

Tumia peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Kata pamba nyembamba iwe upana wa mistari, ilowe, ilaze juu ya doa, funika kwa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula ili isikauke. Weka penye mwanga mwingi kwa saa kadhaa, kagua, badilisha pamba, endelea. Wakusanyaji wa wanasesere wa vinaili hutumia krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 10 kwa njia hiyohiyo, na hiyo ina faida kwamba inabaki pale ulipoipaka. Siku ya kwanza hutaona mengi. Inaweza kuchukua siku kadhaa.

Tahadhari ni mbili. Moja, peroksaidi haijui tofauti ya doa na miraba, hivyo jaribu kwanza juu ya mstari wa ukingoni. Pili, jua kali lenye joto hulegeza vinaili na kuacha mawimbi, basi weka mkeka bapa, kwenye mwanga wa dirishani, si juu ya bati au gari.

Ile kijivu iliyobaki huenda isibadilike. Wino mweusi ukiwa umetengenezwa kwa masizi ya kaboni, peroksaidi haiufubazi hata kidogo, kwa kuwa kaboni si rangi ya kuvunjwavunjwa kwa njia hiyo. Ukishakuwa hafifu, ni afadhali kubaki nao kuliko kuukwangua.

dadu_ishirini

Kuhusu siku zijazo, wengi huweka plastiki angavu juu ya mkeka, ila chagua kwa makini. Zile nailoni nene laini za kufunika meza nazo ni PVC yenye vilainishi, kwa hiyo zinapata madoa vilevile. Tafuta karatasi ngumu ya PET au akriliki ya milimita 2. Hapo maka ya ubao mweupe inafutika, na ikikaukia mno unapita juu yake kwa maka mbichi ya aina hiyohiyo na kufuta ndani ya sekunde tano hadi kumi, kabla haijakauka. Njia hiyo huondoa hata maka ya kudumu kwenye uso mgumu, ikiwemo mikeka ya karatasi yenye tabaka la plastiki, isipokuwa kwenye mikunjo: pale tabaka limepasuka, wino umeingia kwenye karatasi na hautoki.

Akriliki usiifute kwa alkoholi. Inatoa nyufa ndogondogo zinazoanzia kwenye kingo zilizokatwa, na zikianza haziponi. Maji ya sabuni yanatosha. Na mkeka wa vinaili usiviringishwe ukiwa bado na mchoro, kwa sababu miraba na pembe sita zinagusana humo ndani, na wino wa upande mmoja unahamia wa pili.