Mrejesho: kasi ndogo ya risasi za .308

Niliuliza kwa nini risasi za .308 Winchester (aina ya risasi za bunduki) nilizojaza baruti mwenyewe ziko nyuma ya kasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa kujaza risasi kwa mita 55 kwa sekunde. Baruti haina kosa. Kitabu kilipima kwa mtutu wa inchi 24, wangu ni 20, na kila inchi inayopungua hula takriban mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Hiyo ni kama nusu ya pengo.

Nusu iliyobaki ni kronografu, kifaa kinachopata kasi kwa kupima muda wa risasi kupita kati ya sensa mbili. Ilikaa mita 1 tu kutoka mdomo wa mtutu, wimbi la mlipuko likawa linaamsha sensa ya kwanza kabla risasi haijafika. Muda unarefuka, kasi inasomeka ndogo. Sasa iko mita 4, usomaji umetulia. Mizani ya kupimia baruti nayo nimeihakiki kwa jiwe la gramu 10: sawa.

Mlioshauri niongeze baruti, hapana jamani. Kipimo changu cha baruti kilikuwa tayari karibu na kikomo cha kitabu.