Samaki taa wakubwa wa Uskoti: mshipi gani wa kuvulia utafaa?

Mvuvi wa Likoni: Assalam aleykum, wenzangu. Nimezoea kuvua kolekole hapa Mombasa, na mwezi ujao nakwenda Oban, Uskoti, ambako kuna taa wanaofikia urefu wa zaidi ya mita 2. Je, mshipi wangu utafaa?

Mzee wa Kibokoni: Waaleykum salaam. Hautafaa, ndugu yangu, kwa kuwa taa huyo hukaa kwenye kina cha mita 100 na zaidi, na akishajigandamiza chini utadhani ndoana imenasa mwamba. Chambo ni kibua mzima.

Binti Baharia: Kitoweo sahau, kwani sheria inakataza kumchukua. Mpige picha ya mgongo, maana madoa yake ndiyo yanayowawezesha watafiti kumtambua akinaswa tena, kisha umrudishe majini.