NZE121: shokapu, loa amu na tairodi mpya mbele, sasa usukani umelala na gari linavuta kulia

Chuma_Kavu
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Corolla NZE121 otomatiki, tairi 185/70 R14, nyuma bimu ya kawaida. Mbele vimebadilishwa shokapu mbili (springi ni zile zile za zamani), loa amu mbili (mikono ya chini inayoshika gurudumu) na bushi zake, boljointi mbili, tairodi endi mbili (ncha za fimbo zinazogeuza magurudumu) na linki za stabilaiza. Kwa loa amu ya kushoto ilibidi krosimemba (fremu ya chini inayobeba loa amu) ishushwe, maana giaboksi inazuia bolti isitoke.

Vipimo vya mashine baada ya kazi:

Kemba (gurudumu linavyolala ukilitazama kwa mbele; hasi ni kichwa ndani, chanya ni nje): kushoto −1°10', kulia 0°00'
Kasta (mhimili ambao gurudumu hugeukia unavyolala ukiutazama kwa ubavu): kushoto 2°35', kulia 2°45'
Tou jumla (magurudumu yanavyoelekea ndani au nje kwa mbele): imeingia ndani 9 mm

Gari likienda mbele moja kwa moja, usukani umelalia kulia kama digrii 15. Ukiuachia kwenye barabara iliyo sawa, linavuta kulia taratibu. Uzi wa tairodi unaoonekana nje ya nati ya kufungia ni 22 mm kushoto na 26 mm kulia. Mpimaji anasema kemba zote mbili ziko kwenye kijani (ndani ya kipimo), na kwamba gari hili kemba yake haisogezeki, kwa hiyo anasubiri ruhusa aweke tou sawa tu.

Nimruhusu? Na kama kemba inasogezeka, inasogezwa wapi?

Spana_Tisa
Usimruhusu bado. Tou ndiyo ya mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba tou nayo inahama. Kwenye gari hili reki (kifaa cha usukani kinachosukuma tairodi) iko nyuma ya ekseli. Kichwa cha gurudumu kikiingia ndani, tairodi inabaki na urefu wake na kusukuma sehemu ya nyuma ya gurudumu nje, kwa hiyo tou inaingia. Kikitoka nje, tou inatoka. Akiweka tou leo na wewe ukarekebisha kemba kesho, umelipa mara mbili.

Hiyo rangi ya kijani inakudanganya. Kemba ya mbele ya gari hili ni karibu nusu digrii hasi, na ruhusa yake ni dakika 45 juu au chini. Kila upande peke yake unapita, lakini kuna sharti la pili ambalo watu hawalisomi: tofauti ya kushoto na kulia isizidi dakika 45. Wewe una digrii 1 na dakika 10. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi, na kwako ni kulia. Hapo ndipo kuvuta kwako kunakotoka, tou haihusiki. Tou ya jumla ikikosewa inakula tairi, ila haivuti gari.

Sasa jumlisha kemba zako mbili ugawe kwa mbili: −0°35'. Wastani ni mzuri kabisa. Upande mmoja umepoteza kile ambacho mwingine umepata. Hiyo ni alama ya krosimemba iliyorudishwa ikiwa imesogea pembeni, hapa kuelekea kushoto: boljointi ya kushoto imesukumwa nje, ya kulia imevutwa ndani. Matundu yake ni mapana kuliko bolti, na ukiibandika kwa jeki bila alama haikai ilipokuwa. Kasta zinatofautiana dakika 10 tu, kwa hiyo haijasogea mbele wala nyuma, imehama pembeni tu.

Kutoka boljointi hadi maunti ya juu ya shokapu ni kama 600 mm, hivyo kila 1 mm ya krosimemba ni karibu dakika 6 za kemba kila upande. Ibebe kwa jeki katikati, legeza bolti zake zote mzunguko mmoja hivi (usizitoe), isogeze kulia kwa mtaimbo, kaza, pima tena. Kabla ya kuigusa chora mstari kwa msumari pembezoni mwa kila washa, ili uone umesogeza kiasi gani. Alama za kutu za washa za zamani zikionekana, zifuate hizo.

Kitakachobaki malizia kwenye bolti mbili zinazofunga shokapu na naki (chuma kinachobeba habu ya gurudumu). Mpimaji ana nusu ya ukweli: hakuna skrubu ya kemba, lakini kuna mchezo kidogo kwenye matundu. Legeza nati zote mbili, sukuma au vuta kichwa cha diski kuelekea unakotaka, shikilia hapo huku mwenzako anakaza hadi 153 Nm. Ukiacha gurudumu lining'inie lenyewe wakati wa kukaza, uzito wa habu unalaza kichwa nje, na kila mara utapata kemba ya upande wa chanya. Mchezo huo usipotosha, Toyota wana bolti zenye kiuno chembamba, zina kidoa kimoja, viwili au vitatu kichwani, kila hatua ni dakika 15 hivi.

Jeki_ya_Mti
Kwa nini mateso yote hayo? Shokapu inapindwa kwa jeki na mnyororo, dakika kumi kemba imekaa. Kazi ya kila siku hiyo.

Spana_Tisa
Ni ya kila siku, ndiyo maana shokapu mpya zinavuja mafuta kabla ya miezi mingi. Ukipinda silinda, fimbo ya ndani inasugua sili upande mmoja kila inapopanda na kushuka. Tena hapa shokapu haina kosa. Ukiipinda ya kushoto ili ifanane na krosimemba iliyohama, una makosa mawili yanayofichana, na siku krosimemba itakaposhushwa tena hakuna atakayejua tatizo liko wapi.

Kuna kipimo kinachotenganisha mambo haya: mwambie mpimaji asome pia pembe ya kingipini (mhimili ambao gurudumu hugeukia unavyolala ukiutazama kwa mbele). Mashine nyingi zinaisoma wakati wa kupima kasta, ni vile tu haichapishwi. Jumlisha pembe hiyo na kemba ya upande huo huo. Jumla ya kushoto na ya kulia zikikaribiana lakini kemba zikitofautiana, vyuma ni vizima, kilichohama ni krosimemba au mnara wa shokapu. Jumla zikiachana sana, hapo ndipo utafute naki au shokapu iliyopinda, au bolti za naki zilizokazwa kila upande kivyake.

Bushi_Nne
Mimi naongeza la bushi, maana ndilo linalosahaulika wakati wote loa amu zikibadilishwa. Bolti za bushi zilikazwa gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia? Kama ndiyo, zilegeze zote. Raba ya bushi imegundishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, inajisokota. Ukiikaza loa amu ikiwa imening'inia, gari likishuka raba inakaa imesokotwa muda wote. Matokeo yake mawili: gari linasimama juu kidogo kuliko kawaida, na vipimo ulivyopata leo vinabadilika raba inapolegea. Baada ya muda inachanika kabisa.

Namna sahihi: funga bolti kwa mkono, shusha gari likanyage (juu ya mbao nene au shimo la gereji, ili spana ipite), likandamize mbele mara tano sita, lisukume mbele na nyuma mita moja, ndipo ukaze. Bolti za loa amu za gari hili ni 137 Nm. Fanya hivi kabla ya kupima tena, si baada.

Halafu angalia sahani ya juu ya springi. Ina alama ambayo lazima ielekee nje ya gari. Ikikaa vibaya, au ncha ya springi isipoingia kwenye kituo chake chini, springi inausukuma usukani upande mmoja na hakuna kemba itakayokutibu. Kujua: inua mbele, zungusha usukani taratibu huku mkono mwingine uko juu ya springi. Springi izunguke laini pamoja na shokapu. Ikikwama kisha ikaruka kwa mlio, beringi ya maunti imekufa au imekaa vibaya.

Chuma_Kavu
Asanteni sana. Bushi kweli zilikazwa zikining'inia, zimelegezwa na kukazwa upya gari likiwa chini. Krosimemba imesogezwa kulia 3 mm kwa alama. Sasa kemba kushoto −0°53', kulia −0°17'. Kingipini ukijumlisha na kemba pande zote mbili zinapishana dakika 10 tu. Niendelee na bolti za naki, au inatosha? Na usukani, si rahisi kuuchomoa tu na kuurudisha meno mawili kushoto?

Spana_Tisa
Tofauti ni dakika 36, umeingia ndani ya sharti. Ukitaka iwe nzuri zaidi legeza naki ya kushoto peke yake, sukuma kichwa nje, kaza. Ukipata dakika 15 hapo, acha.

Usukani usiuchomoe. Kwanza hakikisha ni nani aliyepinda. Zungusha kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, hesabu mizunguko, rudi nusu kamili. Hapo reki iko katikati. Ukiona usukani umenyooka na magurudumu ndiyo yanaangalia pembeni, kosa ni la tairodi. Ukiona usukani umelala wakati reki iko katikati, kuna mtu alichomoa shafti ya usukani akairudisha jino si lake. Kwa uzi wako wa 22 na 26 nakuambia kabla hujahesabu: ni tairodi. Ukihamisha usukani peke yake, reki inabaki nje ya katikati, kona ya upande mmoja inakuwa fupi kuliko nyingine, swichi ya indiketa inajirudisha mapema upande mmoja, na waya wa mviringo wa eabegi unaweza kukatika ukifika mwisho.

Toyota wanataka urefu wa uzi pande mbili usitofautiane zaidi ya 1.5 mm. Wewe una 4.

Kamba_Nne
Hapo kwenye tou niachieni mimi.

Usukani ufunge ukiwa umenyooka, kwa mkanda hadi kwenye kiti. Safisha uzi kwa brashi ya waya, legeza klipu ndogo ya buti ya reki na upake grisi kidogo chini yake, la sivyo buti itajisokota pamoja na tairodi na kuchanika. Legeza nati za kufungia. Kwa kuwa reki iko nyuma, kurefusha tairodi kunaingiza tou, kufupisha kunaitoa. Uzi wa pichi ya 1.5 mm (mzunguko mmoja unasogeza 1.5 mm): rudisha kulia mizunguko miwili (26 inakuwa 23), refusha kushoto theluthi mbili ya mzunguko (22 inakuwa 23). Jumla umefupisha 2 mm, na kwa mkono wa naki wa kama 120 mm hiyo ni karibu 10 mm za tou kwenye tairi. Zile 9 zako zimeisha, umefika jirani na sifuri. Lengo ni sifuri, ruhusa 2 mm ndani au nje. Umaliziaji ni wa robo mzunguko upande mmoja, sawa na 2 mm hivi za jumla, ila gawanya: nusu ya sogezo kushoto, nusu kulia, usukani usihame.

Kuhakiki bila mashine: stendi mbili kila upande, kamba ya uvuvi iliyokazwa kwa urefu wa katikati ya habu. Umbali kutoka habu hadi kamba uwe sawa kwa habu mbili za mbele, na uwe sawa pia kwa mbili za nyuma. Wa mbele na wa nyuma usiulazimishe kulingana, maana upana wa magurudumu mbele na nyuma haufanani. Chini ya kila gurudumu la mbele weka vigae viwili vyenye grisi katikati, vikitazamana kwa upande laini, ili tairi lijigeuze bila kushikwa na sakafu. Pima kutoka kamba hadi ukingo wa rimu mbele, kisha nyuma. Kumbuka unapima kwenye rimu na siyo kwenye tairi: 2 mm za kitabu ni kama 1.2 mm tu kwenye ukingo wa rimu ya inchi 14. Wengi wanakosea hapo, wanaacha 2 mm kwenye rimu wakidhani wako ndani ya kipimo.

Nati za kufungia 74 Nm, shika tairodi endi kwa spana nyingine isilale wakati unakaza. Nati ya tairodi endi kwenye naki 49 Nm na kotapini mpya. Nati za magurudumu 103 Nm.

Likiendelea kuvuta kidogo baada ya hapo, badilishana tairi mbili za mbele kushoto kwa kulia kabla ya kurudi kwenye mashine. Likianza kuvuta upande wa pili, ni tairi.