Vyumba sita, mita moja: umeme tuugawaneje?

Ndugu zangu mnaoishi nyumba za kupanga, hebu hili tulijadili waziwazi, maana linatugombanisha kuliko zamu ya kufagia korido. Kwetu ni vyumba sita, mita moja, na kila chumba kinachanga sawa. Mimi utaratibu huu naupinga, hata nikiitwa mchoyo.

Tupige hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 ndipo imalize uniti. Hita ya maji ya wati 2,000 inaimaliza kwa nusu saa. Sasa kuna dada wa chumba cha mwisho: taa moja na chaja ya simu, anatoka alfajiri, anarudi usiku. Jirani yake ana friji, jiko la umeme, hita na pasi. Mchango ni uleule! Mwezi uliopita dada alichelewa siku mbili, akagongewa mlango na kusemwa mbele ya wanawe kwamba anakula umeme wa wenzake. Nilikuwa uani nafua. Aliyemgongea alikuwa na shati begani, limetoka kupigwa pasi muda huohuo. Dada akaingia ndani, akatoka na hela, akahesabu bila kujibu neno. Iliniuma sana.

Wanaotetea mchango sawa wanasema tukihesabu vifaa tutaanza kuchunguliana vyumbani, na mwenye hita ataificha uvunguni. Hapo wana hoja. Tena friji haivuti umeme muda wote, hujizima na kujiwasha, kwa hiyo ukizidisha wati zake kwa saa 24 unamwonea mwenye friji.

Ndiyo maana mimi nataka mita ndogo ya kupima umeme wa kila chumba, na gharama abebe mwenye nyumba. Mpangaji akihama haondoki nayo, inabaki ukutani. Taa za korido, choo na uani ndizo tuchange sawa, maana hizo kweli ni zetu sote. Mwenye nyumba wetu anasema tukitaka mita tujinunulie, na wapangaji wawili wanamuunga mkono kwa kuogopa kodi itapanda. Hofu yao naielewa, ila anayeumia sasa hivi ni yule mwenye taa moja.

Nyie mliokwisha kuweka mita ndogo, nani alilipa? Na kodi ilipanda?